Mzee wetu amesusia neno "guys": je, ana haki?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhasibu kwenye shirika dogo hapa Arusha. Ofisini tuko saba: wanawake sita na dereva wetu, mzee wa miaka 58. Tangu Machi tuna meneja mpya, kijana wa Kimarekani. Ni mtu mwema tu, ila kila asubuhi kwenye group letu la WhatsApp anaanza na 'Hi guys'. Mimi nilijua guy ni mwanaume, nikawa najiuliza kama sisi sita tunasalimiwa au tunarukwa. Sasa wiki iliyopita mtoto wa mzee akamsomea kwenye simu kwamba Guy lilikuwa jina la mhaini aliyechomwa moto Uingereza. Mzee amesusa, hajibu tena salamu kwenye group. Je, ni kweli? Ni tusi? Na sisi tukimjibu bosi 'Hi guy', tutakuwa tumekosea?"

Jibu:

Marahaba, binti. Nianze na jibu lenyewe, maana kuna mtu amenuna huko na magari lazima yatembee. Si tusi. Meneja wenu anapoandika "Hi guys", usilitafsiri hilo neno "wanaume" wala "vijana" wala "mabwana". Litafsiri "jamani". Anachosema kila asubuhi ni "Habari zenu, jamani", basi. Mmesalimiwa nyote saba, na wala hakuna aliyerukwa.

Lakini mtoto wa mzee naye hakutunga. Neno guy, ambalo hutamkwa "gai", kweli limetoka kwenye jina la mhaini. Alipokosea ni pale pa kuchomwa moto, na hapo ndipo penye utamu wa habari yote, kwa sababu mtu hakuchomwa. Kilichochomwa ni sanamu yake, na neno mnaloliona kwenye simu zenu limezaliwa na ile sanamu.

Mtu mwenyewe aliitwa Guy Fawkes. Alizaliwa mwaka 1570 katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minane, mama akaolewa tena katika familia ya Wakatoliki, na kijana akaishia kuwa Mkatoliki. Wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Asiyekwenda kanisa la serikali alitozwa faini, na padri aliyekamatwa akisomesha misa aliweza kunyongwa. Fawkes akavuka bahari, akaenda kupigana upande wa Wahispania katika nchi za chini, kule kwenye Ubelgiji na Uholanzi za leo. Huko alijifunza kazi ya baruti, na huko akazoea kujiita Guido, namna Waitalia wanavyoliita jina hilohilo.

Kiongozi wa njama hakuwa yeye, bali mtu aitwaye Robert Catesby. Fawkes alikuwa fundi, na kama ilivyo kawaida ya dunia, fundi ndiye aliyekutwa na vifaa mkononi. Walikodi ghala chini ya ukumbi wa Bunge la Mabwana, London, wakaingiza mapipa 36 ya baruti na kuyafunika kwa kuni. Mpango ulikuwa kulipua jengo tarehe 5 Novemba 1605, siku ya kufunguliwa Bunge, Mfalme James wa Kwanza akiwa ndani. Siku kumi kabla, mmoja wa mabwana wa Bunge hilo akaletewa barua isiyo na jina ikimwonya asithubutu kuhudhuria. Barua ikafika kwa wakubwa. Usiku wa kuamkia tarehe 5 ghala likapekuliwa, akakutwa mtu amevaa tayari kwa safari, ana taa na utambi. Alipoulizwa jina alisema "John Johnson". Hiyo taa ipo hadi leo, imewekwa katika jumba la makumbusho la Ashmolean mjini Oxford.

Aliteswa katika Mnara wa London mpaka akawataja wenzake. Saini zake zimehifadhiwa, na ukiziweka pamoja huhitaji kusimuliwa: moja ina mkono wa mtu mzima mwenye nguvu zake, nyingine ni neno Guido tu, limelegea kama limeandikwa na mgonjwa kitandani. Tarehe 31 Januari 1606 alipandishwa kwenye jukwaa la kunyongea. Hukumu ya uhaini ilikuwa kunyongwa nusunusu, kushushwa mzima, kupasuliwa na kukatwa vipande vinne. Fawkes akaanguka kutoka juu, wengine husema aliruka, shingo ikavunjika, akafa kabla hawajamfikisha kwenye visu. Moto haukuwamo.

Moto ulikuwa wa watu. Usiku uleule wa tarehe 5 Novemba, wakazi wa London waliwasha mioto mitaani kushangilia kuokoka kwa mfalme. Miezi michache baadaye Bunge likapitisha sheria kwamba siku hiyo iwe ya shukrani kila mwaka, na sheria hiyo ikadumu mpaka 1859. Fikiria mwenyewe: miaka zaidi ya 250 taifa zima linaagizwa kukumbuka jaribio moja la mlipuko ambao haukulipuka. Na penye moto na umati, mwisho watu hutafuta cha kutupia ndani. Katika karne ya 17 walipenda kuchoma sanamu ya Papa. Baadaye, kadiri miaka ilivyokwenda, zamu ikawa ya Guy Fawkes.

Hapa nataka uione hiyo sanamu vizuri. Ni suruali kuukuu na koti la mtu aliyekwisha kufa, vimeshindiliwa majani makavu na matambara mpaka vinavimba mahali pasipotakiwa. Kichwa ni mfuko uliochorwa macho, juu yake kofia iliyopinda. Watoto waliiburuta kwenye kigari mtaani siku kadhaa kabla ya tarehe 5, wakiomba wapita njia peni moja "kwa ajili ya guy", wapate hela ya fataki. Umeona? Si "kwa ajili ya Guy Fawkes". Ni "ya guy". Jina la mtu limeshuka daraja likawa jina la kitu, na mwanzoni mwa karne ya 19 tayari liliandikwa kwa herufi ndogo.

Kama unadhani hayo ni mambo ya Wazungu peke yao, kumbuka fataki zetu wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 2000 redio za Tanzania zilikuwa na matangazo ya mhusika aitwaye Fataki, mwanaume mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule kwa lifti na chipsi. Lilikuwa jina la mtu wa kutungwa. Haukupita muda watu wakawa wanasema "yule mzee ni fataki", kisha "mafataki wamejaa hapa". Jina likapata wingi, likapata herufi ndogo, na mtu akaweza kuitwa hivyo bila kuwahi kulisikia tangazo. Ndiyo njia ileile aliyopita Guy.

Kutoka kwenye sanamu, hatua iliyofuata ni rahisi kuibashiri. Ukimwona mtu kavaa vibaya, nguo haziendani, kofia imemmeza, ungemwambia Kiingereza gani mwaka 1840? Ungemwambia anaonekana guy. Yaani kinyago, kichekesho, mfano wa lile likoti la majani. Na hapa naomba umpelekee mzee habari hii, na wewe uichukue kwa swali lako la wanawake: katika Uingereza ya Malkia Victoria mwanamke naye aliitwa guy, tena bila tatizo la kisarufi. Bibi aliweza kusimama mbele ya kioo, akatazama kofia yake mpya, akalalamika kuwa anaonekana guy kabisa. Kipindi hicho kweli lilikuwa neno la kuudhi. Mzee angekuwa dereva wa farasi London wakati ule, ningemuunga mkono asuse.

Sasa neno likavuka Atlantiki, na huko ndiko lilikosafishwa.

Amerika ilipokuwa koloni la Waingereza, tarehe 5 Novemba iliadhimishwa vilevile. Boston waliiita Siku ya Papa. Magenge mawili ya mji, la kaskazini na la kusini, yalitembeza masanamu yao na kisha kupigana, kila upande ukitaka kunyang'anya sanamu ya mwenzake. Mwaka 1775, vita vya uhuru vikiwa vimeanza, George Washington akawapiga marufuku askari wake kuendeleza mchezo huo. Sababu yake ilikuwa ya kisiasa: alikuwa anawabembeleza Wakanada Wakatoliki wajiunge naye, halafu vijana wake wanachoma Papa kambini! Baada ya uhuru, sikukuu yenyewe ikafifia Marekani. Mfalme James wa Uingereza kaokoka? Hilo si letu.

Mimi naona jibu liko hapo. Mwingereza aliposema guy, kila Novemba alikuwa anaiona sanamu ikiungua, hivyo neno lilibaki na harufu ya moshi. Mmarekani hakuwa na sanamu wala moto. Kwake guy lilikuwa neno fupi la mtaani la kumtaja mtu fulani, kwanza kwa dharau kidogo, halafu dharau ikachuja kama rangi ya khanga inavyochuja kwa kufuliwa. Kufikia katikati ya karne ya 19 Wamarekani walikuwa wakisema guy kwa maana ya mwanaume yeyote. Karne ya 20 likarudi Uingereza likiwa limeoga, limebebwa na sinema na wanajeshi, likawakuta ndugu zake "bloke" na "chap" likakaa nao.

Huko Marekani lilizaa pia. Mtu mjuaji, yule asiyeulizwa lakini ana jibu, ni "wise guy". Anayebebeshwa zigo la makosa ya wenzake ni "fall guy". Katika sinema, wale ambao sisi vibandani tulikuwa tunawaita steringi na adui, wao ni "good guy" na "bad guy". Na ukiwahi kumsikia fundi wa hema au wa minara ya simu akitaja "guy rope", yaani zile kamba au nyaya za kushikilia mlingoti usiyumbe, usimhusishe Fawkes. Hilo ni neno la mabaharia, la ukoo mwingine kabisa, limefanana sura tu.

Mpaka hapo tumepata guy mmoja, mwanaume. Lakini meneja wenu hakuandika guy. Kaandika guys. Na hapa ndipo Waswahili wengi tunapotegwa, kwa sababu tumefundishwa kuwa wingi ni umoja ulioongezewa s. Kwa neno hili hesabu haiendi hivyo.

Kiingereza kina shimo ambalo Kiswahili hakina. Sisi tuna wewe na ninyi. Tuna "karibu" na "karibuni", "njoo" na "njooni", "asante" na "asanteni", "pole" na "poleni". Mtu akigonga hodi akasikia "karibuni" hali yuko peke yake, anageuka kutazama nani yuko nyuma yake. Hiyo -ni ya mwisho inafanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake. Kiingereza cha zamani nacho kilikuwa na maneno mawili: thou kwa mmoja, ye na you kwa wengi. Halafu watu wakaanza kumwita mkubwa mmoja kwa neno la wengi, kwa heshima, heshima ikaenea mpaka kwa muuza samaki, na thou likafa katika mazungumzo ya kawaida ya wengi. Limebaki kwenye sala, kwenye mashairi, na katika lahaja chache. Sasa Mwingereza akisema "you", hujui kama anakwambia wewe au anawaambia ukoo mzima.

Shimo likiwepo watu huliziba kwa kilicho karibu. Kusini mwa Marekani wanasema "y'all". Waairishi na watu wa Liverpool wanasema "youse". Pittsburgh wana "yinz". Uingereza utasikia "you lot", na hilo huwa na kaukali kidogo, kama mwalimu aliyekuta darasa linapiga kelele. Na sehemu kubwa ya Marekani, katika karne ya 20, shimo likazibwa kwa "you guys". Likawa ndilo ninyi lao. Neno likishakuwa kiwakilishi, halibaki na mwili wala jinsia. Mhudumu wa mgahawa anawaambia mabibi wanne waliotoka kanisani "What can I get you guys?" na hakuna anayeshtuka. Mama anawaita binti zake watatu "guys" waje mezani.

Ila, na hili liandike mahali, hiyo ni pale tu unapowaita watu. Ukiwataja, uanaume unarudi mbio. "Hi guys" ni nyote. "I saw two guys at the gate" ni wanaume wawili getini, na polisi akiandika maelezo atatafuta wanaume wawili. Msichana akisema "I only date guys", hamaanishi watu wa jinsia zote. Kwa hiyo kamusi yako iliyosema guy ni mwanaume haikukosea. Wala meneja hakukosea. Kila mmoja ameshika upande wake wa neno.

Unaona ugeni? Hamna ugeni wowote, kwa sababu sisi tunalo neno linalocheza mchezo huohuo, tena kwa ustadi zaidi. Chukua jamaa. Asili yake ni Kiarabu, kwenye mzizi wa kukusanyika, mzizi uleule uliotupatia jamii, jumuiya na hata Ijumaa, siku ya watu kukusanyika msikitini. Jamaa lilikuwa kundi, ukoo, watu wa mtu. Mwalimu Nyerere alipotafuta jina la siasa yake alilichukua hapo, akapata Ujamaa. Sasa nikikwambia "jamaa zangu wanakuja Jumapili", utawatarajia shangazi, wajomba, dada zangu na watoto wao. Lakini nikikwambia "kuna jamaa mmoja alikuwa anakuulizia", umemwona mwanaume. Hujaniuliza, umemwona tu, tena pengine kavaa kofia. Nikitaka uelewe ni mwanamke nitasema "kuna dada mmoja". Halafu nikipaza sauti "Jamani!", mwanaume amepotea tena: nimewaita wote, na ukitazama vizuri mwishoni utaikuta ileile -ni ya ninyi, imeng'ang'ania kwenye jamaa.

Jamaa, jamaa zangu, jamani. Guy, you guys, guys. Waingereza wametoka kwa mtu mmoja mhaini wakafika kwenye kundi zima, sisi tumetoka kwenye kundi zima tukafika kwa mtu mmoja anayekuulizia getini. Tumekutana njiani. Wala vijana wetu hawakuhitaji mwalimu kuligundua hilo. Kwenye group la familia yangu binti mmoja aliandika juzi: "Guys jamani nani kachukua chaja yangu." Kaita mara mbili, kwa lugha mbili, asije akakosa wa kujibu. Na Nairobi wanafanya jambo ambalo mzee wenu akilisikia atahitaji maji ya kunywa: kijana wa miaka 19 anaitwa "msee", na vijana wenzake ni "wasee". Neno mzee lenyewe, limevuliwa umri wake, likawa guy.

Kuna watu huko Marekani na Uingereza wasiolipenda "guys", na hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema: kwa nini neno la wote liwe la kiume? Mbona hatusemi "Hi ladies" kwa kundi lenye wanaume wakaitika? Kwa hiyo wapo wanaoandika "Hi all", "Hi everyone", "Hi folks". Wewe kama hulipendi, una haki ya kusema, na mtu mwema hatabisha. Lakini nakusihi usiubebe ugomvi huo kutoka kwao ukadhani ni wetu. Lugha yetu haina "he" na "she". "Amekuja" ni amekuja tu, na ndiyo maana wengi wetu kwa Kiingereza tunamwita bibi "he" mbele ya mumewe. Sisi hatuumizwi sana na jinsia kwenye neno. Sisi tunaumizwa na umri.

Hapo ndipo namrudia mzee wako, na hapo naona anayo haki, ila kashika sababu isiyo yake. Sidhani kama Guy Fawkes ndiye anayemkosesha raha. Fawkes amempatia tu kisingizio. Mtu wa miaka 58, aliyezoea kijana akimwona anaanza na shikamoo, leo anasalimiwa na kijana kwa neno ambalo mjukuu wake analitumia kutafuta chaja. Kwa Mmarekani, bosi anayesema "guys" anajishusha: anawaambia watu wake kuwa yeye si mkubwa sana, ni mmoja wao. Sisi masikio yetu hayasikii bosi akishuka. Yanasikia mzee akishushwa. Neno ni moja, ngazi ni moja, ila mmoja anaitazama kutoka chini na mwingine kutoka juu.

Nami nimewahi kuumia kwa neno hilihili, kwa hiyo sisemi kwa ujuaji. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu ya kutafsiri nilipewa barua ya mfadhili kwenda ofisi moja ya umma. Ndani yake kulikuwa na sentensi ya kirafiki, kwamba anawashukuru "the guys" walioshughulikia kibali. Nikaandika "vijana walioshughulikia kibali". Nikaona nimepatia, ina uchangamfu. Barua ikasomwa kwenye kikao. Walioshughulikia kibali walikuwa mkurugenzi aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu na mama wawili wenye wajukuu. Mmoja wa wale mama aliniuliza baadaye, kwa upole ule unaoumiza kuliko kofi, "Sisi ndio vijana?" Nilipaswa kuandika "wenzetu". Neno hilo lilikuwa limekaa palepale kwenye lugha yangu, halina umri wala jinsia, na mimi nikaliruka.

Kwa hiyo katika kazi zako mwenyewe: kwa Kiingereza, "guys" litumie kwa wenzako mnaolingana, kwa mdomo au kwenye group. Barua ya kwenda kwa mfadhili au wizarani ianze na "Dear all" au "Dear colleagues". Na ukitafsiri kuja Kiswahili, usikimbilie neno moja. Ukiona wanaitwa, ni jamani au wenzangu. Ukiona wanatajwa, uliza kwanza ni akina nani.

Kuhusu mzee, msimpeleke kwenye historia tena, imeshamtosha. Mwambie meneja wako pembeni, wakati wa chai, kwamba huku kijana humtanguliza mzee kwenye salamu. Aandike "Shikamoo mzee, hi guys". Nakuhakikishia ataipenda, Wamarekani wanapenda kujifunza shikamoo kuliko tunavyopenda sisi kuwafundisha wanetu. Na mzee ataitika marahaba kabla hajafika kwenye guys.

Limebaki lile la kumjibu "Hi guy". Hapana. Hapo mtakuwa mmekosea kweli. Nimekwambia kuwaita ni kwa wingi. Ukimwita mtu mmoja "guy" usoni, neno linapoa ghafla, ni kama kumwambia mtu "wewe jamaa, hebu njoo hapa", na anayeitwa hivyo kwa kawaida huanza kujiuliza amekosa nini. Bosi wenu ana jina. Mjibuni "Hi", koma, jina lake.